Daftari la Shangazi: Namna ya Kupata Uzoefu wa Kuandika Programu Ukiwa Bado Mwanafunzi

Ukishuka stesheni ya Kigoma na begi lako, mtaa mzima ukiwa umeshajua unasoma kompyuta chuo kikuu, ombi la kwanza litakuwa simu iliyoingia maji. La pili ni printa ya shule inayotafuna karatasi. Nami nilipangusa simu za watu likizo mbili nzima, na sikatai, hela ya vocha ilipatikana. Lakini nilifika mwaka wa pili nikiwa na A ya somo la miundo ya data, yaani namna za kupanga taarifa ndani ya programu, na sijawahi kuandika programu hata moja ambayo mtu mwingine aliifungua mara mbili. Zote zilikuwa za mhadhiri: anaiwasha mara moja, anatoa alama, imekwisha.

Mwongozo huu ni wa kuziba pengo hilo. Utahitaji mtu mmoja mwenye daftari, kompyuta yoyote inayowaka, na likizo moja ndefu. Vyeti vya kozi za mtandaoni sijaviweka kwenye mahitaji. Ukivipenda vichukue, ila havikukutanishi na mtu wa kukugombeza.

Hatua ya 1: Tafuta daftari, usitafute wazo

Wengi wetu tunaanza na wazo. Programu ya kuita bodaboda, soko la mtandaoni la Afrika nzima. Wiki ya kwanza moto, wiki ya tatu hata jina la folda umelisahau, kwa sababu hakuna anayelisubiri.

Wewe tafuta mtu ambaye tayari anaandika kila siku: mwenye duka pale Mwanga, muuza mawese wa Ujiji, mhazini wa kikoba, fundi cherehani mwenye oda za sare za shule. Awe na sifa tatu. Anaandika kila siku, si mara moja kwa mwezi. Akikosea kuandika anapata hasara. Na uweze kumfikia kwa miguu. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoidharau, na ndiyo iliyoniokoa.

Mimi nilikwenda kwa shangazi yangu, mwaloni Kibirizi. Ana mtumbwi wa dagaa, anauza wabichi na wakavu, na pembeni ana madumu ya mawese. Dagaa wakavu anawapa wafanyabiashara kwa mali kauli. Wanapakia kwenye treni kwenda Tabora na Dar, hela inarudi baadaye, au hairudi. Yote yako ndani ya daftari moja la kaunta, lenye harufu unayoijua.

Siku mbili za kwanza usifungue kompyuta. Kaa, tazama, kisha nakili ukurasa mmoja kwa mkono, na kila alama iliyomo. Usimuulize mtu “ungependa mfumo ufanye nini?”, atakujibu “ufanye kila kitu, mwanangu.” Muulize “hii alama ni ya nini?” Katika ukurasa wa shangazi nilikuta jina limekatwa mstari mmoja, na mengine yamekatwa miwili. Nilidhani mkono tu uliteleza. Kumbe mstari mmoja ni mtu aliyelipa nusu, miwili amemaliza. Kulikuwa na kinukta kando ya majina matatu, akawa hataki kuniambia. Jioni akaniambia ni wale asiowakopesha tena lakini hawajui. Kumbe lile daftari lilikuwa kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zilizopangwa, iliyokwisha kusanifiwa. Kazi yangu ilikuwa kuisoma.

Hatua ya 2: Vifaa

Hapa tusichelewe. Kompyuta mpakato iliyotumika, yenye RAM ya GB 4, inatosha. Kama huna, simu ya Android yenye Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, inaendesha Python (lugha ya kuandikia programu) na Git vizuri tu, tatizo ni vidole. Nashauri Python kwa sababu inakuja na SQLite, kanzidata ndogo, ndani yake, kwa hiyo kanzidata yako ni faili moja unaloweza kulibeba kwenye flashi. Kama chuoni mmefundishwa Java, tumia Java; shangazi haoni tofauti.

Kabla ya kuondoka chuoni, pakua nyaraka rasmi za Python kwenye Wi-Fi ya chuo. Zinapatikana bure kama faili moja lililobanwa, unazisoma bila bando. Ukishafika nyumbani, mambo mazito yapakue kwa bando la usiku.

Halafu Git, programu ya kutunza historia ya kila badiliko unalofanya. Git ilitengenezwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, na uzuri wake kwetu ni kwamba haihitaji intaneti kuhifadhi historia ya kazi. Unaweza kukaa mchangani Kibirizi mtandao umekata, ukaendelea kwa amri hizi tatu, za kuanzisha historia, kuchagua mafaili na kuhifadhi:

git init
git add .
git commit -m "Deni la nusu sasa linaonekana"

GitHub ni kitu kingine, ni mahali pa kupandisha hiyo historia mtandao ukirudi. Wanafunzi wengi wanavichanganya hivi viwili, kisha wanasema hawawezi kutumia Git kwa sababu bando limeisha.

Hatua ya 3: Siku tatu, mambo matatu

Toleo la kwanza lifanye mambo matatu tu: kuingiza mauzo, kuonyesha wanaodaiwa, kutoa jumla ya siku. Hakuna neno la siri, hakuna rangi, hakuna nembo. Kiolesura changu cha kwanza, yaani kile anachokiona mtumiaji, kilikuwa maandishi matupu: bonyeza 1, bonyeza 2, bonyeza 3. Ukizidisha siku tatu, jua umeanza kujenga kitu cha kumfurahisha mwanafunzi mwenzako.

Jedwali langu la mauzo lilikuwa na muda, mnunuzi, kipimo, idadi, bei na kilicholipwa. Kuna mitego mitatu ambayo darasani hatukuiona kwa sababu mifano ya darasani ni misafi.

Fedha ziandike kama namba kamili za shilingi, usitumie namba za desimali. Fungua Python, andika 0.1 + 0.2, uone inavyokujibu 0.30000000000000004. Sasa fikiria hilo linatokea kwenye deni la mtu mgomvi.

Namba ya simu ihifadhi kama maandishi. Ukiihifadhi kama namba, sifuri ya mbele inadondoka, na 07 inabaki 7.

Kipimo kiwe na safu yake. Sado si ndoo, ndoo si gunia, na gunia la lumbesa si gunia. Mimi nilijitia ujuzi nikabadili kila kitu kuwa kilo. Shangazi akaniuliza mizani iko wapi. Haikuwepo.

(Msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, wengine wanauita kodi. Mimi niliacha kulitumia neno hilo mwaloni, maana kila nilipomwambia shangazi “naangalia kodi”, wenye vibanda jirani walidhani nimetumwa na mamlaka ya mapato.)

Hatua ya 4: Mkabidhi, kisha funga mdomo

Hii ndiyo hatua yenye mali, na ndiyo tunayoiruka kwa aibu. Mpe mwenye daftari akae mbele ya programu, wewe kaa pembeni na kalamu. Usimwelekeze. Kila unapotamani kusema “hapana, bonyeza pale”, andika hilo jambo. Ni hitilafu yako, si yake.

Dakika kumi za kwanza za shangazi zilinipa kurasa mbili. Aliandika bei kama 8,000 na mkato wake, programu ikazima papo hapo. Mteja mmoja akamwandika “Bahati”, siku ya pili “bahati”, siku ya tatu “Bahati wa Tabora”, na programu ikaona watu watatu wasiojuana, kila mmoja na deni lake. Kwenye muda akaandika saa 11, akimaanisha alfajiri mitumbwi inaporudi. Programu ikasoma 11:00, yaani saa tano asubuhi. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi mwenyewe nasema saa kwa Kiswahili tangu nizaliwe, nikaandika programu ya mtu wa mahali pengine. Nikaweka chaguo: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, kisha namba ya saa. Hesabu ya kuongeza sita au kupunguza sita inafanywa ndani, haionekani.

Lakini hitilafu iliyonifundisha kuliko muhula mzima ilikuwa ya usiku.

Mtumbwi unatoka jioni. Kabla haujatoka shangazi analipa mafuta ya injini, posho ya wavuvi, na mara nyingine betri ya taa. Dagaa wanafika alfajiri, wanauzwa asubuhi. Programu yangu, kama kompyuta zote, ilibadili siku saa sita usiku. Kwa hiyo gharama ziliingia Jumatatu, mauzo yakaingia Jumanne. Siku mtumbwi ulipopumzika, jioni yake hapakuwa na gharama, lakini asubuhi ile ile alikuwa ameuza; ripoti ikaonyesha faida kubwa ajabu. Kesho yake hasara tupu. Nilikagua hesabu mara nne, hesabu ilikuwa sahihi. Mwishowe nikamuuliza shangazi yeye anahesabuje.

“Huo ni usiku wa kuamkia Jumanne,” akasema. “Mafuta ya Jumanne hayo.”

Basi. Mswahili anahesabu siku kuanzia jua linapozama, na lugha yenyewe ilikuwa imeshanipa jibu. Kwa biashara yake, siku inaisha saa 10 jioni anapofunga meza. Nikausogeza muda wa kila tukio mbele kwa saa nane kabla ya kutoa tarehe ya ripoti: kinachotokea saa 10 jioni kinaangukia mwanzo wa siku inayofuata. Mstari mmoja. Niliutafuta siku tano.

Ukiweka programu kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta ya mbali unayoifikia kwa mtandao, utakutana na ndugu wa hitilafu hiyo. Seva nyingi zinatumia UTC, saa ya pamoja ya dunia, na saa zetu za Afrika Mashariki ziko mbele yake kwa saa tatu. Mauzo ya saa nane usiku yataandikwa tarehe ya jana.

Hatua ya 5: Kila hitilafu iachie mlinzi

Chuoni tulifundishwa kuandika majaribio ya programu, tukayaandika usiku wa kuamkia kukabidhi kazi, yote yakipita. Fanya kinyume. Hitilafu ikitokea kwa mtumiaji, kabla hujaigusa andika jaribio dogo linaloirudia. Lishindwe kwanza. Kisha rekebisha mpaka lipite.

La kwangu la usiku lilikuwa na mistari minne: gharama ya Jumatatu saa 12 jioni, mauzo ya Jumanne saa 1 asubuhi, na sharti kwamba vyote viwili visome Jumanne. Miezi miwili baadaye nilipanga upya faili la ripoti, lile jaribio likapiga kelele. Bila hilo, shangazi ndiye angepiga kelele.

Pembeni weka daftari lako mwenyewe la hitilafu: tarehe, kilichotokea, ulichodhani, ilivyokuwa kweli. Safu ya “ulichodhani” usiifute hata ikikutia haya.

Hatua ya 6: Iache iishi

Mwezi wa kwanza aendelee na daftari lake sambamba na programu. Jioni mnalinganisha. Usimnyang'anye mtu daftari kwa ajili ya uzoefu wako. Hayo ni maisha yake. Nakala ya faili la kanzidata iende kwenye flashi kila siku, na ujaribu kuirudisha angalau mara moja, maana nakala ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama ni nakala.

Usibadilishe programu siku za kazi. Mimi nilipata ratiba nzuri kutoka ziwani: dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikiwaka sana mitumbwi inapumzika. Wiki ya mbalamwezi ndiyo wiki yangu ya matoleo mapya. Shangazi ana nafasi ya kujifunza, na nikiharibu hakuna foleni ya wanunuzi. Kila biashara ina mbalamwezi yake, itafute. Kwa mwalimu ni likizo, kwa fundi wa sare ni Machi.

Programu ikikaa muda mrefu dunia inaanza kuijaribu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Shangazi akafungua ripoti ya Juni kuona madeni ya nyuma, programu ikafa. Nilikuwa nimeweka wastani wa mauzo kwa kila usiku wa kuvua, na usiku wa kuvua ulikuwa sifuri. Kugawa kwa sifuri, somo la shule ya msingi. Alinipigia simu nikiwa chuoni. Nikafungua msimbo wangu wa mwaka uliopita na sikuuelewa: jedwali nililiita “data2”, na kipande kimoja cha msimbo cha kujumlisha gharama nilikiita “fanya”. Kuurekebisha kwa simu, mtu wa upande wa pili akisoma maandishi ya kosa herufi kwa herufi, ndiko kulikonifundisha kutoa majina. Siku hizi kinaitwa “jumlisha_gharama_za_usiku”, na jina refu libaki refu.

Hatua ya 7: Macho ya watu wengine

Tafuta mwenzako mmoja, hata kama yuko Kasulu na wewe Ujiji. Yeye ana daftari la mtu wake, wewe la wako. Kila Jumamosi kila mmoja anasoma msimbo wa mwenzake na kuandika maswali matatu. Maswali, si sifa. Mwenzangu aliniuliza “mnunuzi akirudisha ndoo moja iliyooza, unaiandika wapi?” Sikuwa na pa kuiandika.

Soma pia msimbo wa miradi huria unayoitumia, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Usikimbilie kuchangia ili jina lionekane. Anza kwa kusahihisha maelezo yaliyokosewa, au kutafsiri kwa Kiswahili kama mradi unapokea tafsiri.

Kuhusu akili mnemba (AI), sitakwambia usiitumie. Kanuni yangu ni moja: mstari ambao siwezi kumweleza mwenzangu wa Kasulu kwa simu hauingii. Niliwahi kuiuliza kuhusu ile hitilafu ya usiku, ikanipa suluhisho zuri sana la saa sita usiku. Haikuwahi kuishi Kibirizi.

Hatua ya 8: Fildi

Mafunzo kwa vitendo, ambayo sote tunayaita fildi, ni wiki chache na wengi wanaziua. Barua ya chuo ipeleke mapema, wewe mwenyewe, ukiwa na programu yako kwenye flashi. Kigoma kuna manispaa, bandari, reli, hospitali, na mashirika yanayohudumia wakimbizi kule Kasulu. Kote humo kuna mtu anayejaza jedwali la Excel kwa mkono kila wiki.

Ofisi moja niliyopangiwa ilinipa kazi ya fotokopi. Wiki mbili nzima. Nilinung'unika kwanza, kisha nikaona kila Ijumaa dada wa masjala ananakili namba za majalada kutoka faili tatu kwenda faili moja, mchana kutwa. Niliomba ruhusa kwa msimamizi nikamwandikia programu fupi ya kuziunganisha. Ilichukua sekunde. Fotokopi niliendelea nayo, lakini ripoti yangu ya fildi ilikuwa na kitu ndani. Omba ruhusa kwanza, hilo nalirudia. Mifumo ya ofisi si uwanja wa kujaribia.

Hatua ya 9: Siri za watu

Ukipandisha kazi GitHub, faili la kanzidata libaki nyumbani. Majina, simu na madeni ya wateja wa shangazi si mfano wa kujifunzia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Na hata isingekuwepo, Kigoma ni mji mdogo, deni la mtu likionekana mtandaoni litafika sokoni kabla ya saa nne. Tunga majina ya bandia, na liweke jina la faili hilo kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git haiyachukui, siku ya kwanza. Ukilisahau ukalifuta baadaye, linabaki kwenye historia ya Git.

Hatua ya 10: Kwenye wasifu wako

Usiandike “nina ujuzi wa Python, Java, PHP, C++”. Andika mistari mitatu: nani anaitumia programu yako, tangu lini, na hitilafu gani ngumu uliyoitatua. Weka kiungo, na ukurasa wa maelezo ulio na picha ya programu ikifanya kazi. Kwenye usaili nenda na lile daftari la hitilafu. Mimi niliulizwa kwa nini kuna muda wa saa nane unaoongezwa kwenye tarehe, na nusu saa iliyobaki tuliongelea mitumbwi na saa za seva.

Shangazi sasa anataka madumu ya mawese nayo yaingie humo humo, na kila dumu anataka lionyeshe ni la nani, maana watu wanayakopa hayarudi. Nimemwambia asubiri mbalamwezi.